Jinsi ya kuusoma mtindo wa mchora katuni: mazoezi kwa kazi za Genndy Tartakovsky

Mwombe kijana yeyote anayechora akueleze mtindo wa katuni anayoipenda, ataanza na macho. Makubwa, madogo, ya duara, yenye nyota ndani. Akimaliza macho atahamia kwenye nywele. Ni kweli hivyo vyote ni sehemu ya mtindo, ila ukiishia hapo utajua kuiga sura tu, na sura ya mhusika wa mtu mwingine haikufai kitu ukikaa mbele ya karatasi yako tupu. Mwongozo huu unapita njia nyingine: unatazama mchoraji ameamua kuacha nini. Nimemchagua Genndy Tartakovsky kwa sababu huyu bwana huacha vitu vingi kuliko wenzake wengi wa televisheni, na huviacha waziwazi, kiasi kwamba hata anayeanza kujifunza leo anaweza kuliona pengo na kuliwekea kidole.

Kwa asiyemjua: alizaliwa Moscow mwaka 1970, familia yake ikahamia Marekani akiwa na miaka 7, akakulia Chicago. Alianza masomo Columbia College ya hukohuko Chicago, kisha akaenda CalArts, chuo cha sanaa cha California. Ndiye aliyebuni Dexter's Laboratory (1996), katuni ya mtoto mwenye maabara ya siri, na Samurai Jack (2001), ya samurai, yaani mpiganaji wa Kijapani, aliyetupwa wakati ujao na adui yake, akaongoza Star Wars: Clone Wars (2003 hadi 2005), na baada ya miaka mingi akaja na Primal (2019). Waliokuwa na dishi la DStv nyumbani enzi hizo walimwangalia sana kwenye Cartoon Network bila kujua jina lake.

Vitu vya kuandaa

Penseli, kifutio, karatasi nyeupe za A4, maka nyeusi nene, na simu inayoweza kusimamisha video na kupiga picha ya skrini. Saa ya kuhesabia sekunde imo humo humo kwenye simu. Kompyuta si lazima.

Tafuta sehemu nne tu: moja yoyote ya msimu wa kwanza wa Dexter's Laboratory, sehemu ya 7 ya Samurai Jack, ile ya wapiga mishale watatu vipofu, sehemu ya 40 ya kipindi hichohicho, ile ya ninja, na sehemu ya kwanza ya Primal. Hiyo ya mwisho si ya watoto, damu imemwagika kila mahali, kwa hiyo kama nyumbani kuna wadogo subiri walale. Hotel Transylvania, filamu ya mwaka 2012 aliyoiongoza, iache kwanza. Ni kazi yake na ina vichekesho vizuri, lakini ni ya kompyuta na imepita mikononi mwa kampuni kubwa ya sinema, hivyo anayeanza atahangaika kutenganisha kilicho chake na kilicho cha wengine.

Usiongeze sehemu nyingine zaidi ya hizo nne. Anayekesha na misimu yote mitano ya Samurai Jack amestarehe, hajasoma.

Hatua ya 1: zima sauti, kisha zima picha

Mara ya kwanza angalia kwa raha zako. Mara ya pili zima sauti kabisa, na kila baada ya dakika mbili jiulize kama bado unaifuata hadithi. Kwenye Dexter utapoteza mambo kadhaa, maana vichekesho vingi vinakaa kwenye lafudhi ya yule mtoto na kelele za dada yake. Kwenye Samurai Jack hupotezi mengi. Kwenye Primal hupotezi neno hata moja, kwa sababu hakuna: Spear, mtu wa pangoni, na Fang, dinosaria wake, hawana lugha ya pamoja wala ya peke yao. Hata mwishoni mwa msimu wa kwanza anapotokea Mira, mwanamke anayezungumza Kiarabu, hakuwekwi maandishi ya tafsiri chini ya picha. Mtazamaji asiyejua Kiarabu anabaki palepale alipo Spear, anasikia sauti na kusoma uso.

Mara ya tatu geuza simu kifudifudi, sikiliza tu. Fanya hivi kwa sehemu ya 7 ya Samurai Jack. Andika kila sauti unayoisikia: upepo, hatua kwenye theluji, mshale unapoachiwa, mshale unapofika. Utajaza karatasi. Katika sehemu hii Jack anataka kukifikia kisima kinachomtimizia mtu haja yake, na kisima kinalindwa na wapiga mishale wasioona ambao hawakosei shabaha, kwa kuwa wanalenga kwa masikio. Jack anagundua kwamba macho yake ndiyo yanayomponza. Anajifunga kitambaa usoni, anaketi kwenye theluji, anasikiliza. Kwa muda mrefu hakuna linalotendeka, na kila sauti ndogo inayokuja inaleta picha yake: kwanza unasikia, ndipo unaona. Hapo sauti inachora. Ukilielewa hilo umepata robo ya mtindo wake, na bado hujashika penseli.

Hatua ya 2: jaza weusi

Sasa shika penseli. Piga picha za skrini za wahusika wakiwa wazima, kichwa hadi miguu. Zinakili kwa mistari ya nje peke yake, halafu jaza ndani kwa maka mpaka kusiwe na kitu isipokuwa umbo jeusi. Mwonyeshe mtu anayekijua kipindi. Akimtambua mhusika papo hapo, umbo linafanya kazi.

Dexter ni boksi fupi lenye kichwa kikubwa. Dada yake Dee Dee ni miguu mirefu na mikono myembamba. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba hawakubuniwa mmoja mmoja: Tartakovsky alimchora Dee Dee kwanza, akiwa bado mwanafunzi, msichana mrefu anayecheza baleti, kisha akamtafutia kinyume chake kwa kila kitu. Mrefu akapata mfupi, mlegevu akapata mkakamavu, anayerukaruka akapata aliyeganda kama tofali. Vivyo hivyo Jack ni mweupe, amesimama wima, mwenye umbo lisilobadilika. Adui yake Aku, jini la uovu, ni mweusi, ana nyusi za moto, na anajigeuza atakavyo. Kwa hiyo usichore umbo moja jeusi, chora mawili kwenye karatasi moja. Yakifanana urefu au upana, wazo lako halijaiva.

Hatua ya 3: tafuta mstari, na mahali usipokuwepo

Hii ndiyo hatua yenye chakula kingi, kwa hiyo tulia nayo.

Simamisha Dexter popote. Wahusika wamezungushiwa mstari mweusi mnene, unaowakata na kuwatoa kwenye mandhari. Simamisha Samurai Jack popote. Mstari huo haupo. Mkono wa Jack unaishia pale rangi nyeupe inapokutana na rangi ya nyuma yake, basi. Katuni nyingi za televisheni za wakati ule ziliutegemea mstari mweusi kumtenga mhusika na kilicho nyuma, kwa hiyo kuuondoa ni kujitakia kazi: usipopanga rangi vizuri, shujaa anamezwa na mlima.

Ili uone kazi hiyo, chukua picha za skrini kama kumi za Samurai Jack na uzigeuze kuwa nyeusi na nyeupe kwenye simu. Sasa rangi haikusaidii tena, umebaki na mwanga na giza. Utaona Jack karibu kila mara amewekwa mahali ambapo weupe wa vazi lake unapambana na kitu cheusi zaidi, au weusi wa nywele zake unapambana na anga jeupe. Vazi jeupe na nywele nyeusi havikuchaguliwa kwa ajili ya Usamurai peke yake. Vinamfanya aonekane mbele ya mandhari yoyote duniani, na mandhari zenyewe hubadilika kila wiki.

Zoezi: kata karatasi za rangi tatu kwa mkasi, tengeneza mtu, mti na anga bila kuchora mstari hata mmoja. Bandika. Kama mtu wako haonekani ukikodoa macho ukiwa mbali na meza, usimpigie mstari kumwokoa. Badilisha rangi ya anga. Zoezi hili linachosha na linaudhi, na nalithamini kuliko mengine yote humu.

Angalia pia kwamba Primal imerudisha mistari myeusi, tena mizito na ya kukwaruza. Mchoraji huyohuyo, na mstari umerudi kwa kuwa hadithi ni ya misuli, mifupa na majeraha. Anayekuambia kwamba mtindo wa Tartakovsky ni kuchora bila mstari hajatazama mbali.

Hatua ya 4: hesabu sekunde

Washa saa. Kila picha inapobadilika, andika imekaa sekunde ngapi. Dakika tano za sehemu ya 7 zinatosha. Utapata orodha ya ajabu: picha zinazokaa muda mrefu hadi unaanza kudhani video imekwama, halafu mlipuko wa picha fupifupi, nyingine chini ya sekunde moja, kisha utulivu tena.

Kwa nini? Hapa inabidi kurudi nyuma kwenye pesa. Sehemu ya dakika 22, kwa kasi ya fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde, ina fremu 31,680. Hata kila mchoro ukitumika kwa fremu mbili, kama ilivyo kawaida, bado ni michoro 15,840. Hakuna kituo cha televisheni kinacholipia michoro hiyo yote kila wiki. William Hanna na Joseph Barbera, waliotengeneza Tom and Jerry kwa ajili ya sinema, walipohamia televisheni mwaka 1957 walitafuta njia za kubana: mwili unaganda, mdomo na macho tu ndiyo yanatembea. Ndiyo maana Yogi Bear amevaa kola na tai. Kola inaficha maungio ya shingo, kichwa kinachorwa peke yake na kiwiliwili kinatumika tena na tena.

Tartakovsky alifanya kazi katika kampuni yao hao, Hanna-Barbera, na Dexter ilizaliwa humo. Alirithi ule uhaba. Tofauti ni matumizi: kwa watangulizi wake picha iliyoganda ilikuwa ya kuokoa fedha na walijitahidi usiitambue, yeye anakulazimisha uitambue. Jack amesimama, adui amesimama, upepo unapeperusha pindo la nguo, na wewe unashika pumzi. Pindo lile peke yake ndilo linalochorwa. Senti zilizookolewa hapo zinakwenda kununua sekunde thelathini za panga zikiruka.

Ukimaliza orodha yako, pigia mstari picha tatu ndefu kuliko zote na uandike pembeni ni kitu gani hasa kinachotembea ndani yake. Mara nyingi ni kitu kimoja.

Hatua ya 5: fuatilia alikotoa, kwa ushahidi

Mashabiki hupenda kusema kitu fulani kimeathiriwa na kingine kwa sababu vinafanana. Usikubali haraka. Gawa karatasi mafungu matatu: aliyoyasema mwenyewe, yanayoonekana kwenye skrini bila ubishi, na yanayodhaniwa. Fungu la tatu libaki hapo hapo hadi lipate mdhamini.

Kwenye fungu la kwanza kuna Kung Fu, tamthilia ya televisheni ya Marekani ya 1972 hadi 1975, ambayo shujaa wake hutembea kwa miguu kutoka mji hadi mji. Kuna ndoto aliyokuwa akiiota mara kwa mara utotoni, ya dunia iliyoharibika huku yeye akiizunguka na upanga wa kisamurai. Na kuna filamu za Akira Kurosawa, mwongozaji wa Kijapani. Kwenye fungu la pili weka ile sehemu ambayo Jack mtoto anamwona samurai anayesukuma kigari chenye mtoto mchanga, salamu ya wazi kwa Lone Wolf and Cub, katuni ya Kijapani ya Kazuo Koike na Goseki Kojima iliyoanza 1970. Weka pia sehemu ya Wasparta, inayomkumbusha kila aliyeisoma 300, hadithi ya katuni ya Frank Miller ya mwaka 1998. Miti na miamba iliyonyooshwa kama mapambo ina undugu na mandhari za Eyvind Earle katika Sleeping Beauty ya Disney (1959), na rangi bapa zina undugu na UPA, kampuni iliyoanzishwa miaka ya 1940 na wachoraji waliotoka Disney wakiwa wamechoka kuchora kila unyoya wa sungura. Gerald McBoing-Boing ya UPA, iliyoshinda Oscar mwaka 1951, ni ya mtoto asiyeweza kusema neno, hutoa milio tu. Itafute, ni ya dakika saba hivi.

Kisha ufanye jambo ambalo wengi hawalifanyi. Kila jina ulilolipata, liulize: lilimtatulia shida gani? Kung Fu ilimpa shujaa anayetembea, na shujaa anayetembea huhitaji mandhari mpya kila wiki, kwa hiyo wachora mandhari wakapata uwanja ambao Dexter, aliyefungiwa maabara na nyumbani, asingeweza kuwapa. Ndoto ilimpa dunia ambamo roboti, majini na mbwa wanaozungumza wanaweza kukaa mtaa mmoja. Kurosawa alimpa hali ya hewa na kungoja. Katika Sanjuro (1962), watu wawili wanasimama wakitazamana kwa muda usiovumilika, halafu pigo moja, basi. Rudi kwenye orodha yako ya sekunde uone kama hujakutana na kitu cha namna hiyo.

Usiache mnyororo hapo. Yojimbo ya Kurosawa (1961) ilifanywa upya na Mwitaliano Sergio Leone kuwa A Fistful of Dollars (1964) bila ruhusa, ikazua kesi. Leone ndiye wa macho yaliyojaza skrini nzima kabla ya risasi. Kurosawa naye alikuwa mpenzi wa filamu za ng'ombe na bastola za John Ford. Kwa hiyo macho ya Jack yanapojaza skrini kutoka ukingo hadi ukingo, swali la kwamba huo ni mtindo wa Kijapani au wa Kimarekani halina kichwa wala miguu.

Usisahau vikwazo pia, kwa sababu navyo huunda mtindo na hakuna anayeviandika kwenye orodha ya walimu. Kipindi cha watoto hakiwezi kuonyesha mtu akikatwa kwa upanga. Basi maadui wa Jack wakawa roboti, na kilichomwagika kikawa mafuta meusi. Kwa misimu minne ilikuwa hivyo. Msimu wa tano ulipokuja mwaka 2017, safari hii kwa watu wazima, Jack anapambana na mabinti wa Aku akidhani ni mashine kama kawaida, anamkata mmoja, na kinachotoka ni damu. Anaganda. Sheria ya studio iliyodumu tangu 2001 imegeuzwa kuwa mshtuko wa hadithi, na anayejua sheria hiyo anashtuka mara mbili.

Hatua ya 6: nakili picha sita za ninja

Fungua sehemu ya 40. Mtoto amekuja kuomba msaada wa kijiji chake, na Aku ametuma shinobi, ninja anayejificha kizani. Pambano linafanyika ndani ya mnara uliobomoka, na hapo rangi zinaondoka. Panabaki nyeupe na nyeusi, bila kijivu hata kidogo. Ninja akiingia kivulini hayupo. Jack, aliyefundishwa kutumia nuru, anajifunika nguo nyeupe, na akiingia kwenye mwanga naye hayupo. Unachokiona ni macho, makali ya upanga, na mpaka kati ya giza na mwanga. Jua linashuka, kivuli kinapanuka, eneo la Jack linazidi kuwa dogo.

Simamisha picha sita kutoka sehemu hiyo na uzinakili kwa maka, bila penseli ya kutangulia. Kanuni ni moja: huruhusiwi kuchora mwili, unaruhusiwa kuchora kivuli tu. Utajikuta unachora pembetatu na mistari mipana, na mtu anajitokeza mwenyewe. Kumbuka sasa hatua ya 3. Kule mstari uliondolewa. Hapa rangi imeondolewa. Kwenye Primal maneno yameondolewa. Kila safari kilichobaki kinabebeshwa mzigo wa kilichotoka.

Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu bora ya kipindi kizima. Nawajua wanaotetea ile ya vipofu, tunabishana.

Hatua ya 7: soma majina ya mwisho

Fupi, lakini usiiruke. Ukiandika "mtindo wa Tartakovsky" umewasahau watu wengi. Rangi za mandhari za Samurai Jack ni mkono wa Scott Wills. Muziki wa misimu minne ya kwanza ni wa James L. Venable. Sauti ya Jack ni Phil LaMarr, ya Aku ni Mako hadi alipofariki mwaka 2006, na msimu wa 2017 ikachukuliwa na Greg Baldwin. Uhuishaji wa Primal umefanywa na Studio La Cachette ya Ufaransa. Unaposhangaa anga la zambarau, jina la kwanza la kulitafuta ni la mchora mandhari. Kazi ya mbunifu hapo ni kujua amwachie nani nini, na kupanga picha zote kwenye storibodi, ile michoro midogo ya mfululizo inayoonyesha kila tukio. Tartakovsky hutegemea storibodi kuliko mswada wa maandishi. Hilo nalo linaeleza kwa nini watu wake husema kidogo: anayeandika hadithi kwa penseli hana haraka ya mazungumzo.

Hatua ya 8: chukua uamuzi, acha mchoro

Sasa ni zamu yako, na kishawishi ni kuchora samurai. Usichore samurai. Alichokifanya yeye ni kwenda kwenye vitu alivyovipenda na kuvichuna hadi mfupa. Wewe una vyako. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwenye vibao vya mraba, kwa rangi ya mafuta inayong'aa, mnyama mmoja mbele ya rangi moja bapa. Huo tayari ni uamuzi wa kuacha: hakuna kivuli, hakuna umbali. Kipindi cha Tinga Tinga Tales kilichotengenezwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010 kilichukua uamuzi huo na kuupeleka kwenye televisheni. Kiangalie ukiwa na saa na maka kama ulivyofanya hapo juu, ukijaza weusi na kuhesabu sekunde.

Halafu tengeneza sekunde 30 zako. Mfano wa kuanzia: jioni, mama anakaanga samaki kando ya barabara, paka yuko upande wa pili. Masharti ni haya: hakuna neno, hakuna mstari wa kuzunguka maumbo, rangi tatu tu, na angalau picha nne zinazokaa sekunde 4 kila moja, huku kitu kimoja tu kikitembea ndani yake. Moshi. Ncha ya mkia. Mkono wa mama unaoshika mwiko bila kuushusha.

Hesabu yake inakwenda hivi. Picha nne za sekunde 4 zinakula sekunde 16. Zimebaki 14 za mwendo. Kwa programu ya simu kama FlipaClip, ukiweka kasi ya fremu 12 kwa sekunde na kila mchoro ukautumia mara mbili, unahitaji michoro 6 kwa sekunde, yaani 84. Ongeza minne ya picha ndefu na michoro midogo ya moshi na mkia ambayo utaizungusha irudie, bado hujafika 110. Mtu mmoja anaweza.

Chora storibodi kwanza, visanduku vinane, kila kimoja na sekunde zake zimeandikwa chini. Paka na mama wajaribiwe kwa umbo jeusi kabla ya kupewa rangi. Rangi ya lami ichaguliwe mwisho, baada ya kujua paka ni wa rangi gani, maana yeye ndiye anayepaswa kuonekana. Sauti rekodi mwenyewe kwa simu: mafuta yakichemka, gari likipita mbali, kitu kikianguka. Kisha mpe mtu aiangalie ikiwa imezimwa sauti, na mwingine aisikilize simu ikiwa kifudifudi. Wa kwanza akisema samaki aliibiwa, na wa pili akisema palikuwa na kikaango na mnyama, anza kufikiria sekunde 30 zinazofuata. Wasipoelewa, usiongeze maneno. Rudi kwenye storibodi uone ni picha gani imekaa muda mfupi mno.